MASHINE YA SAUTI HAIISHI PEKE YAKE
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Ni desturi njema ya shule yetu kwamba kidato cha nne, kabla ya kuondoka, huiachia shule zawadi. Mwaka huu maneno mengi mabwenini ni juu ya mashine ya sauti, yaani risiva ya sinema ya nyumbani pamoja na spika zake, iwekwe bwaloni na kuungwa na televisheni na projekta tulizo nazo. Mimi naikubali zawadi hiyo. Nisichokubali ni namna wengi wetu tunavyotaka kuichagua, maana twauliza jambo moja tu: ina wati ngapi? Maoni yangu ni kwamba mashine ya sauti yafaa ichaguliwe kwa kupatana kwake na vyombo itakavyofanya kazi navyo, na hesabu ya wati ije baadaye.

Kwanza nieleze mashine yenyewe, kwa kuwa huenda wazazi wengine hawajaiona. Hapa kwetu mtu akisema risiva, wengi hufikiri king'amuzi cha dishi. Hii ninayoisema ni amplifaya yenye redio ndani yake. Hupokea sauti na picha kutoka kwenye king'amuzi, deki, kompyuta au simu, kisha ikapeleka picha kwenye televisheni na sauti kwenye spika. Basi imekaa katikati ya vyombo vingine kama karani wa posta: kazi yake yote ni kupokea na kupeleka. Ikiwa haielewani na jirani zake, haina kazi.

Nchi yetu imekwisha kupata somo katika jambo hili. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya zamani ya televisheni, ile ya analojia, ilizimwa Dar es Salaam, na miaka iliyofuata ikazimwa katika miji mingine. Televisheni za chogo zilizokuwa zikionyesha picha nzuri jioni ile hazikuonyesha kitu tena mpaka ziungwe na king'amuzi. Je, ziliharibika? Hata kidogo. Zilikuwa nzima, ila hazikuelewa tena mawimbi yaliyokuwa yakirushwa. Tangu hapo kila nyumba yajua ya kuwa chombo kizima chaweza kuwa bure kwa kukosa mwenzake.

Sasa nitaje mambo ambayo yafaa tuyachunguze kabla ya kutoa fedha.

La kwanza ni umeme. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Umeme wa Japani ni volti 100, na wa Marekani ni 120. Mashine iliyotumika huko na kuletwa huku kama mtumba huenda ikawa imara kabisa na bei yake nafuu, lakini ikichomekwa ukutani bila transfoma ya kupunguza volti, moshi hutoka kabla ya wimbo. Maandishi ya volti huwa nyuma ya mashine, na kuyasoma hakuhitaji fundi. Tena mkoa wetu wa Kigoma uliendeshwa kwa majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, ndipo gridi ya Taifa ikaanza kutufikia mwaka 2022, na bado nyumba nyingi vijijini zatumia sola. Umeme ukikatika hapa shuleni nasi hutegemea betri. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na si vizuri kuitumia kupita nusu yake. Basi mashine inayokula wati 200 itamaliza nusu hiyo kwa saa 3, na inayokula wati 50 kwa saa 12, bila kuhesabu kinachopotea njiani katika inveta. Wapenda wati nyingi wayafikiri hayo.

La pili ni spika. Nyuma ya kila spika pameandikwa idadi ya omu: 4, 6 au 8. Nyuma ya amplifaya nako pameandikwa omu chache kabisa inazoweza kustahimili. Sisi tuliosoma fizikia twajua kanuni aliyoichapisha Mjerumani Ohm mwaka 1827: ukizuizi ukipungua, mkondo huongezeka. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba huwa omu 4, na spika nne huwa omu 2. Watu wengi, wakitaka kelele zaidi, huongeza spika juu ya spika katika tundu lile lile. Mkondo huzidi, mashine hupata joto, na mwisho hujizima au huungua. Twaandika kanuni hii vizuri katika mtihani, kisha twaisahau mbele ya duka.

La tatu ni matundu ya nyaya. Televisheni za zamani zina matundu matatu ya rangi nyekundu, nyeupe na njano. Mashine mpya hutumia HDMI, waya mmoja unaochukua picha na sauti pamoja, uliotokea mwishoni mwa mwaka 2002. Jirani yetu mmoja kule kijijini alinunua risiva nzuri sana, lakini televisheni yake ni ya chogo. Risiva ile hutoa picha kwa HDMI tu, hata maandishi ya kuirekebishia. Mpaka leo yaimba kama redio ya kawaida, maana hana pa kuyaonea maandishi hayo. Kadhalika, ukitaka sauti ya televisheni irudi kwenye risiva kwa waya ule ule, sharti vyombo vyote viwili viwe na tundu lililoandikwa ARC, jambo lililoanza mwaka 2009. Kimoja kikiwa nalo na kingine hakina, utahitaji waya mwingine. Tena picha za kisasa zilizo safi zaidi hufungwa kwa kufuli ya siri, na kila chombo katika msururu sharti kiijue kufuli hiyo. Kimoja kisipoijua, kioo huweza kubaki cheusi, na mnunuzi humlaumu mwenye duka bure.

La nne ni maikrofoni, nalo wengi hawalifikiri. Twataka mashine hii itumike pia kwenye mikutano ya wazazi na siku ya mahafali. Lakini risiva za nyumbani aghalabu hazina mahali pa maikrofoni. Sauti itokayo katika maikrofoni ni hafifu mno, mara nyingi ni milivolti chache tu, na tundu la kawaida la risiva lataka umeme wenye nguvu zaidi ya huo mara nyingi. Sharti pawepo miksa katikati ya kuikuza. Tukinunua risiva bila miksa, Mkuu wa Shule ataendelea kupaza sauti yake kama zamani, na mashine ya fedha nyingi iko nyuma yake.

Nikirudi kwenye wati, naomba tusidanganyike na namba za boksini. Tuseme boksi linatangaza wati 5,000, na nyuma ya mashine pameandikwa kwamba yatumia wati 80. Zilizobaki zatoka wapi? Nishati haiumbwi. Namba ile kubwa ni ya kitambo kidogo mno, kama pigo moja la ngoma, wala haielezi nguvu ya kudumu. Namba ya kutafuta ni ile yenye herufi RMS. Na hata wati za kweli zikizidishwa mara mbili, sauti huongezeka desibeli 3 tu. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa maradufu, yahitajiwa karibu mara kumi ya wati.

Lakini sababu kubwa iliyonifanya niandike ni wenzetu. Kabanga yajulikana kwa shule yake ya msingi inayosomesha pamoja watoto wenye ulemavu na wasio na ulemavu, na miongoni mwao wamo wenye ualbino. Wengine wao wameendelea na masomo ya sekondari, na tuko nao madarasani. Wengi wenye ualbino wana uoni hafifu. Filamu ya somo ikionyeshwa bwaloni, sisi twatazama na kusikia. Wao hutegemea zaidi masikio. Sasa, katika mashine ya spika tano na sabufa moja, maneno ya wasemaji hupelekwa hasa kwenye spika ya katikati. Spika hiyo isipofungwa, na risiva haikuambiwa kwamba haipo, muziki na ngurumo husikika, maneno yakapotea. Mwenye macho atakisia kwa kutazama picha. Mwenye uoni hafifu atakisia kwa nini?

Najua wenzangu watanijibu, “Mchagua jembe si mkulima; fedha zipo, tununue.” Nami nasema mkulima wa Buha hachagui jembe kwa uvivu, bali hanunui jembe lisiloingia mpini wake. Wengine watasema ya kuwa mahafali bila mshindo wa sabufa hayana furaha. Mimi pia napenda kucheza. Lakini mahafali ni siku moja, na masomo ni mwaka mzima. Fedha hizi nazo ni za wazazi waliouza maharagwe, mahindi na muhogo. Hawakulima kwa ajili ya mshindo wa siku moja.

Kwa hiyo natoa shauri. Kamati ya zawadi, pamoja na mwalimu wa fizikia, iandike orodha ya vyombo vyote vya bwaloni: matundu yake, volti zake na omu za spika tulizo nazo. Orodha hiyo iende dukani pamoja na wanunuzi. Mashine ijaribiwe mbele yao, ikiwezekana kwa king'amuzi na projekta zetu wenyewe, na wasiondoke bila risiti na karatasi ya dhamana. Ikionekana kwamba amplifaya ndogo ya spika mbili, yenye miksa na maikrofoni, yatufaa kuliko risiva kubwa, basi tuinunue hiyo bila haya. Na siku ya kuijaribu bwaloni, wenzetu wenye uoni hafifu wakae kiti cha nyuma kabisa. Wakisema wamesikia kila neno, hapo tutajua ya kuwa tumenunua vizuri.