Kiwiko kibovu, jina kikosini

Ukiuliza timu yoyote ya mtaani Ngarenaro ina majeruhi wangapi, utahesabiwa magoti na vifundo vya miguu. Kiwiko hakitajwi. Soka ni miguu bwana, kwa hiyo mwenye kiwiko kibovu anahesabika mzima, anapangwa na anamaliza dakika 90 bila shida.

Shida inaanza Jumatatu. Wachezaji wengi wa ridhaa Arusha hawalipwi na klabu; ni mafundi magari, maseremala, wachomeleaji, bodaboda. Kinachowalisha ni mkono. Na ugonjwa ambao madaktari wanauita kiwiko cha tenisi unapiga hapo hapo, kwenye kano inayoshikiza misuli ya kuinua kiganja upande wa nje wa kiwiko. Kazi ileile ikirudiwa kila siku, kano inachakaa. Spana inadondoka. Kukamua nguo ni mateso, kufungua mlango ni kazi, na kikombe cha chai mpaka kisaidiwe na mkono wa pili. Wengine hata usingizi unakatika. Fundi asipofanya kazi halipwi, hasira anazipeleka nyumbani.

Jina nalo limeponza. Chalii wa Chuga akisikia tenisi anacheka, raketi ataiona wapi? Lakini wengi wanaougua hawajawahi kuishika. Daktari Mjerumani, Runge, alipoandika kuhusu maumivu haya mwaka 1873 alikuwa akizungumzia watu wa kazi ya kuandika. Tenisi ilibandikwa baadaye. Wanaokumbwa zaidi ni wa miaka 35 hadi 55, umri uleule wa maveterani wanaojaza viwanja wikiendi.

Wengi wao wakizidiwa wanakimbilia sindano ya kutuliza maumivu kwenye kiwiko, wawahi mechi. Hapo ndipo wanapojimaliza. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2006, wenye wagonjwa 198, ulionyesha waliochomwa steroidi walipata nafuu kubwa ndani ya wiki sita, kisha wengi wao maumivu yakarudi. Mwaka ulipoisha walikuwa nyuma ya wenzao waliofanyishwa mazoezi ya viungo. Hata wale walioambiwa wasubiri tu na kupunguza kazi za mkono walikuwa wamewapita.

Dawa yenyewe haina mbwembwe: kupunguza kazi inayouma bila kuufungia mkono kabisa, kubeba vitu kiganja kikitazama juu, na mazoezi ya kuimarisha msuli taratibu, miezi kadhaa. Wengi hupona ndani ya mwaka. Wataalamu wa mazoezi ya viungo hawako mbali, maana KCMC hapo Moshi wanafundishwa miaka na miaka. Ila mkono ukifa ganzi, ukivimba au ukigoma kunyooka baada ya kuanguka, hilo ni jambo jingine, hospitali siku hiyohiyo.

Arusha sasa inaongelea AFCON 2027 na uwanja wa Olmoti. Mastaa watakaokuja watakuwa na madaktari wao. Kocha wa timu ya mtaa hana daktari, lakini ana mdomo. Kabla ya kupanga kikosi amuulize kipa wake, anayeshinda gereji wiki nzima, mkono unaendeleaje. Akikunja uso, apewe namba ya ndani na glovu avae mwingine.