SOLA YA MKOPO: TUNANUNUA MWANGA AU TUNANUNUA DENI?

Haya wadau, leo naomba tuache kidogo habari za nani kateuliwa na nani katumbuliwa, tuongee umeme. Sisemi umeme wa kwenye hotuba. Nasema ule ambao wewe uliyekaa hapo kafe unaujua vizuri: unaandika barua ya kuomba kazi, hujabonyeza kutuma, skrini inakuwa nyeusi, mwenye kafe anasema "samahani wateja", na hela yako ndiyo imekwenda hivyo.

Kila nchi inapoingia gizani kuna mtu anapata biashara. Hilo si kosa, biashara ndivyo ilivyo. Wenye vijenereta vya Kichina waliuza, wenye mishumaa waliuza, na kampuni za sola ziliuza kuliko wote. Swali langu ni moja: kampuni hizo zilizokua haraka huku TANESCO ikihangaika, zilikua kwa kuuza nini hasa?

Jibu langu nalitoa mapema ili usipate tabu. Zilikua kwa kuuza mkopo. Paneli ni kitu cha kubebea huo mkopo. Ukishaliona hilo, mambo mengi yaliyofuata yanaeleweka.

Kwanza tukumbushane tulikotoka. Mwaka 2006 mabwawa yalikauka, mgawo ukawa wa kutisha, na serikali ikaingia mkataba wa dharura na Richmond ili ifue megawati 100. Umeme haukuja kwa wakati, ikaja kamati ya Bunge ya Mwakyembe, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Mwaka 2011 mgawo ukarudi. Oktoba 2015 maji yakapungua tena mpaka mitambo ya maji ikabidi izimwe. Mwaka 2022 na 2023 tukarudi kulekule. Yaani kijana aliyezaliwa mwaka ule wa Richmond ameanza shule kwa mgawo na amemaliza sekondari kwa mgawo.

Sasa hapa kuna jambo ambalo magazeti yetu huwa yanalichanganya. Giza la Tanzania ni la aina mbili. Kuna giza la mgawo, la mtu mwenye nyaya na mita ukutani lakini umeme haupo. Halafu kuna giza la mtu ambaye nguzo haijawahi kufika kwake, huyu hata mgawo hana. Kampuni za sola hazikuanzia kwa wa kwanza. Zilianzia kwa wa pili. Lakini mgawo ulizisaidia sana, kwa sababu uliua imani. Mtu wa kijijini aliyekuwa anasubiri nguzo alikuwa akienda mjini anamkuta shemeji yake mwenye nguzo naye kawasha kibatari. Sasa huyo asubiri nini?

Tuchukue kampuni moja. Off Grid Electric ilianza kazi Arusha mwaka 2012. Walioianzisha ni vijana waliokutana Oxford: Xavier Helgesen, Erica Mackey na Joshua Pierce. Kwa wateja wa Bongo walijulikana kwa jina la M-Power. Hawakugundua paneli, na hawakugundua taa za LED. Vyote hivyo vilikuwepo na bei yake ilikuwa inashuka duniani kote. Walichokifanya, kama wenzao wa M-KOPA kule Kenya walioingia sokoni mwaka huohuo, ni kuunganisha vitu viwili: paneli na hela ya kwenye simu. M-Pesa ilikuwa imeingia Kenya mwaka 2007 na hapa kwetu mwaka 2008. Unalipa kianzio, unafungiwa sola, halafu unalipa kidogokidogo kwa simu. Ukilipa, mtambo unawaka. Usipolipa, unajifunga.

Najua kuna mdau atasema: mbona hata LUKU ikiisha umeme unakata? Ni kweli, lakini angalia tofauti. LUKU inakuuzia uniti ambazo TANESCO imezifua mbali na wewe. Hujalipa, hujapewa. Sola ya mkopo iko juu ya bati lako, jua linaipiga, betri imejaa, na bado taa haziwaki. Kinachofungwa pale si umeme, ni dhamana. Ni sawasawa na benki kukufungia mlango wa nyumba kwa sababu umechelewesha rejesho la wiki hii.

Sasa tupige hesabu kidogo, maana bila namba tutabaki kulaumiana. Nachukua mfano wa M-KOPA kwa sababu bei yao ilitangazwa sana. Katikati ya miaka ya 2010, mtambo wao wa paneli ya wati 8, wenye taa, redio na sehemu ya kuchajia simu, ulikuwa unauzwa kwa kianzio cha shilingi 2,999 za Kenya, kisha shilingi 50 kila siku kwa mwaka mzima. Hamsini mara 365 ni 18,250. Jumlisha kianzio unapata shilingi 21,249 za Kenya. Kwa viwango vya fedha vya miaka ile hiyo ni kama laki nne na nusu za Bongo.

Paneli ya wati 8 ikipata jua kali saa tano kwa siku inatoa wati-saa 40. Kwa mwaka ni kama uniti 15. Kwa TANESCO, mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi anauziwa uniti moja shilingi 100 kabla ya kodi na makato. Kwa hiyo uniti hizo 15 za mwaka mzima, mwenye nguzo angezipata kwa shilingi 1,500 hivi. Ndiyo, umesoma vizuri. Elfu moja mia tano.

Tuwe waungwana, hesabu hiyo peke yake si ya haki. Mwenye sola ananunua na mtambo wenyewe, na akimaliza deni ni wake, anawasha bure mpaka betri ichoke. Uniti ya TANESCO ni rahisi kwa sababu nguzo, nyaya na bwawa vimelipiwa na serikali, yaani na sisi sote. Tena uniti ya shilingi mia haina faida kwa mtu ambaye nguzo iko kilometa ishirini kutoka kwake. Yeye analinganisha sola na mafuta ya taa, betri za redio na hela ya kuchajia simu sokoni. Kwa hesabu yake anaona anapata nafuu, na watoto hawavuti moshi. Mimi sipingi hilo hata kidogo.

Ninachosema ni kwamba serikali imemlipia nguzo mwenye nguzo, wakati huyu wa giza la pili amejilipia mwenyewe, kwa mkopo, kwa bei iliyopangwa na anayemkopesha. Bei ya TANESCO haipandi mpaka EWURA iite watu watoe maoni. Bei ya sola ya mkopo inapandishwa na kampuni yenyewe, na wewe unaikuta kwenye karatasi.

Turudi kwenye ukuaji. Mwaka 2014 wawekezaji wa Marekani, SolarCity ikiwa mbele, waliingiza mamilioni ya dola Off Grid Electric. Februari 2015 serikali yetu na kampuni hiyo wakatangaza mpango mkubwa: nyumba milioni moja ziwe na sola ifikapo mwisho wa 2017. Watu wakapiga makofi. Mwaka 2017 ukaisha, milioni ile haikufika, na sikumbuki kuona mtu akisimama kutueleza imeishia ngapi. Mwaka 2018 kampuni ikabadili jina ikawa Zola Electric, ikaanza kuuza mitambo mikubwa zaidi kwa nyumba na biashara za mijini ambako umeme wa gridi ni wa kubabaisha, Nigeria ikiwa soko mojawapo. Yaani ilianzia kwa mtu wa giza la pili, halafu ikahamia kwa mtu wa giza la kwanza. Kwa nini? Kwa sababu wa kwanza ana hela.

Wenzao Mobisol kutoka Berlin, waliokuwa wanauza mitambo mikubwa ya kuendesha mpaka runinga na mashine za saluni hapa Tanzania na Rwanda, walikua kwa kasi kubwa. Aprili 2019 wakatangaza kufilisika. Engie ya Ufaransa ikawanunua mwaka huohuo. Biashara ya kukopesha ina ugumu wake: unanunua mtambo leo kwa dola, mteja anakulipa kwa shilingi kwa miaka, na mwaka mahindi yakigoma na marejesho yanagoma. Kadiri unavyouza zaidi ndivyo unavyohitaji kukopa zaidi. Kwa nje unaonekana unakua, kumbe ndani unakauka.

Na M-KOPA? Hao ndio wajanja wa mjini. Baada ya kuuza sola kwa mamia ya maelfu ya nyumba, wakagundua kwamba mali yao kubwa si jua, ni orodha ya watu wanaolipa kila siku bila kukosa. Wakaanza kukopesha simu kubwa kwa mtindo uleule wa kufunga usipolipa, na simu ndizo zikawa biashara kubwa kuliko sola. Wala hawakutuficha. Jina lao lenyewe linasema: kopa.

Mtu anaweza kuniuliza, kwa nini nayasema haya leo wakati umeme sasa upo? Ni kweli, Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limekamilika. Mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024, na mwaka 2025 yote tisa ikawa tayari, jumla megawati 2,115. Lakini Machi 2025 Rais Samia alitangaza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia, upitie Kenya, kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini, kwa sababu umeme mwingi unapotea njiani ukitoka huku chini mpaka kule. Ndiyo ujue kwamba kufua ni jambo moja na kufikisha ni jambo jingine. Na kumbuka Off Grid Electric ilizaliwa wapi: Arusha, mwisho wa waya.

Vijiji vya Tanzania Bara ni 12,318, na REA inasema karibu vyote vimeshafikiwa. Sawa, lakini kijiji kufikiwa si nyumba kuwaka. Kuna watu nguzo imepita mbele ya mlango na hawana hela ya kutandaza nyaya ndani.

Halafu kuna hili jipya. Januari 2025 marais wa Afrika walikutana Dar es Salaam kwenye mkutano wa nishati, wakaahidi pamoja na Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika kuwafikishia umeme watu milioni 300 ifikapo 2030. Sehemu kubwa ya watu hao wanategemewa kufikiwa kwa sola za majumbani na gridi ndogo. Maana yake hela ya umma itapita mikononi mwa kampuni za aina hii. Hapo ndipo mimi nataka tuwe macho, maana habari ya nyumba milioni moja bado tunaikumbuka.

Nina mjomba wangu Singida. Paneli iko juu ya bati, deni alimaliza, betri ikafa. Namba ya huduma kwa wateja haipokelewi, na yule kijana aliyemfungia mtambo alishaacha kazi. Kampuni siitaji. Lakini kwenye vitabu vyao, mjomba bado anahesabiwa kuwa nyumba yenye umeme. Usiku anatumia tochi.

Kwa hiyo mimi ningeomba mambo manne tu, na hayahitaji bwawa. Moja, mkataba uwe wa Kiswahili na uandike bei ya kulipa taslimu na bei ya mkopo, pamoja, kwenye ukurasa wa kwanza. Mbili, mtu akimaliza deni kufuli litoke, na betri na vipuri vya kawaida viingie kwenye mtambo wake. Tatu, awepo mtu wa kulalamikiwa wilayani, siyo namba ya simu tu. Nne, kampuni ikila hela ya umma ilipwe kwa nyumba zinazowaka baada ya miaka mitatu, siyo kwa mitambo iliyotoka stoo.

Najua wapo watakaosema nachukia wawekezaji. Hapana jamani. Bila hawa jamaa kuna watoto wengi wangesomea kibatari mpaka leo, wakati serikali inagombana na mikataba yake. Ila mtu akikukopesha taa, deni lake likumbuke, na yeye pia mkumbushe lake.

Wadau mliofungiwa sola za mkopo huko Geita, Kigoma, Mtwara na kwingineko, hebu tuambieni: mlilipa ngapi mpaka kumaliza, na leo hii inawaka?