Ghala Lililogeuka Karakana, na Karakana Zilizogeuka Maghala

Barabara itokayo mjini Nakuru kuelekea Kabarak hupita katikati ya Kiamunyi, mahali ambapo watu wa rika langu bado wanapakumbuka kwa mashamba. Leo mashamba hayo yamekatwakatwa kuwa viwanja, na juu ya viwanja hivyo yameota majumba ya mawe, maduka, shule za kibinafsi na maghala ya kukodisha, yale ambayo wengi wetu huyaita godauni. Katika ghala moja la namna hiyo mna chumba ambacho kimezua gumzo miongoni mwa majirani, na gumzo hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mpangaji wa chumba hicho ni mekanika mstaafu. Hakukikodi ili ahifadhi mbolea, wala simiti, wala magunia ya mahindi akingojea bei ipande. Amekigeuza kuwa karakana yake mwenyewe. Mlangoni hapana kibao, na mteja hakubaliwi hata akija na pesa mkononi. Ndani mna Land Rover ya mwaka 1968 iliyovuliwa mwili wake wote, jiliwa mbili, fuawe, kekee ya kusimama, mashine ya kuchomelea, na rafu ndefu za vipuri ambavyo kila kimoja kimebandikwa jina lake kwa mwandiko safi. Kila mwisho wa mwezi mzee hulipa kodi kutoka katika akiba yake, na kila mwisho wa mwezi majirani huulizana swali lile lile: je, anapata faida gani?

Nimekusudia kumtetea mzee huyu. Katika kumtetea itanibidi niwaguse walimu wenzangu, na wala sitajitoa miongoni mwao.

Kwanza yafaa msomaji afahamu kuwa kugeuza ghala kuwa karakana si kazi ya kuhamisha vifaa na kufungua mlango. Majengo haya mawili yana tabia zinazopingana. Ghala hupenda giza, ukavu na kufungika, kwa sababu unyevu huozesha nafaka na panya hahitaji zaidi ya mwanya mdogo. Karakana, kinyume chake, hudai mwanga na hewa. Injini inayonguruma ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo humwua mtu kabla hajatambua kuwa yu hatarini. Kwa hiyo, baada ya kupata idhini ya mwenye jengo kwa maandishi, kazi ya kwanza ya mzee ilikuwa kung'oa baadhi ya mabati ya paa na kutia mahali pake mabati ya plastiki yapitishayo mwanga, kisha kutoboa matundu ya hewa chini ya ukuta mmoja na juu ya ukuta unaoelekeana nao, ili hewa baridi iingie huku na ya moto itoke kule.

Sakafu nayo ilikuwa na hadithi yake. Zege lake lilikuwa imara, lakini lilikuwa limenyonya chumvi za mbolea iliyowahi kuwekwa humo miaka mingi, na chumvi za mbolea hula chuma. Spana iliyoachwa chini usiku mmoja iliamka na kutu. Ikabidi sakafu isuguliwe kwa maji na kukaushwa mara kadhaa, kisha ipakwe rangi nzito isiyopenyeka. Kandokando ya mahali pa kufungulia injini alijenga ukingo mdogo wa saruji, na mfereji mwembamba upelekao oili chafu kwenye pipa, isije ikatambaa hadi mlangoni.

Nilitarajia kukuta shimo la ukaguzi, lile ambalo mekanika hushuka ndani yake ili atazame tumbo la gari. Halikuwapo. Nilipomwuliza sababu, alinijibu, "Mwalimu, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Ukiwa na shimo, huteremka ukatuama humo, unangojea cheche tu." Vilevile hakufunga mnyororo wa kuinulia injini kwenye boriti za paa, jambo ambalo wengi wangelifanya bila ya kuwaza mara mbili, maana boriti zenyewe ni ndefu na zinavutia. Paa la ghala hukadiriwa kubeba mabati yake na kuhimili msukumo wa upepo. Halikukadiriwa kubeba injini ya kilo 150 inayoning'inia mahali pamoja. Alichomelea fremu yake ya chuma yenye miguu minne, isimamayo sakafuni pasipo kulitegemea jengo hata kidogo.

Enyi walimu wa fizikia na kemia, tazameni yaliyomo katika maelezo hayo mafupi: uzito wa gesi, mzunguko wa hewa, mizigo na nguzo, kutu na chumvi. Yote yamo katika silabasi. Wanafunzi wetu huyakariri usiku kucha wakajaza karatasi za mtihani, na wiki moja baadaye hawawezi kukuambia kwa nini msumari uliolala mvuani umekuwa mwekundu. Kwa mzee huyu mambo hayo ni uhai na mauti.

Nalirudia sasa swali la faida. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti juu ya ajira nchini Kenya, na ripoti hiyo ilichangia sana kuufanya ulimwengu uwatambue mafundi wadogo ambao hapo awali walihesabiwa kama watu wasio na kazi. Ndio hao tuwaitao jua kali. Ninawaheshimu mno, wengi wetu tumepikia majiko waliyoyafua wao, na tumelala nyuma ya milango waliyoichomelea. Hata hivyo, kijana anayejifunza gerejini hujifunza huku haraka ya mtu mwingine imempanda mabegani. Matatu iliyolala gereji haiingizi pesa, na mwenyewe amesimama pale pale akitazama saa. Katika hali hiyo fundi hawezi kumwachia mwanagenzi afungue giaboksi kwa mkono wake, akosee, aifunge, aifungue tena. Atamwambia ashike tochi, alete spana, anawe mikono aende akanunue chai. Mwaka mzima unaweza kupita hivyo. Tena kipuri kikiharibika hutupwa kikawekwa kingine, maana hapana nafasi ya kuuliza kimeharibikaje.

Karakana ya mzee wa Kiamunyi haina mtu anayetazama saa. Kabureta ya Land Rover ile imefunguliwa na kufungwa mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, na kila mara amejua jambo ambalo hakulijua. Hiyo ndiyo faida, na sioni aibu kuiita kwa jina hilo.

Wapo watakaosema kuwa huo ni mchezo wa mtu aliyestaafu. Na iwe mchezo. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, alianza kama mshika spana wa kawaida kabla ya kuwa dereva aliyeogopwa. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant waliushinda mkondo wa Safari Rally kwa gari aina ya Volvo lililokwisha kutumika, wakayapita magari ya timu za viwanda vyenyewe. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976. Dereva wa namna hiyo huijua injini kwa sikio, na sikio hilo halipatikani barabarani peke yake. Hupatikana katika zile saa ambazo gari limefunguliwa na hakuna anayedai lirudishwe kabla ya jioni.

Nimesema nitawagusa walimu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, nia iliyotangazwa ilikuwa kumpa mtoto elimu ya mikono pamoja na ya vitabu. Wazazi waliambiwa wajenge karakana shuleni, nao wakajenga kwa harambee, wengine wakiuza mbuzi na mahindi. Zilikuwa siku za matumaini makubwa: mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, na mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa hadharani, ingawa hayakufika kamwe dukani. Karakana za shule zilikuwa mbegu ya matumaini hayo hayo. Nyingine zilipata mabenchi na vifaa kamili. Nyingine zilipata kuta na paa tu. Nyingine hazikupita msingi.

Baadaye masomo ya ufundi katika shule za msingi yaliondolewa kwenye mtihani wa taifa, na kitu kisichotahiniwa katika nchi hii hufa kifo cha kimyakimya. Elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure mwaka 2003, watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka madarasani. Karakana nyingi zikageuzwa madarasa, na siwezi kulilaumu hilo, kwa kuwa mtoto hana budi kuketi mahali. Ninachokilaumu ni zile zilizobaki. Nimeingia katika shule kadhaa za Bonde la Ufa nikaonyeshwa mlango wenye kufuli lililoshika kutu. Ndani nimekuta madawati yaliyovunjika, masufuria ya sherehe, magunia ya maharagwe, na nyuma kabisa, chini ya vumbi, jiliwa lililofungwa benchini, halijawahi kubana chuma tangu liletwe. Wazazi walijenga karakana. Sisi tukaifanya ghala. Na hapa Kiamunyi mtu mmoja, bila kamati wala mgeni wa heshima wa kukata utepe, amelichukua ghala akalifanya karakana.

Neno hili si la historia tu. Sekondari msingi zilianza Januari 2023 chini ya Mtaala wa Umilisi, na miongoni mwa masomo yake ni lile la stadi za awali za ufundi. Mwanafunzi anatakiwa ajue vifaa, ajue vitu vinavyoundwa navyo, ajue usalama wa mahali pa kazi. Katika shule nyingi anavijua kwa kuchora. Nimeona daftari la msichana mmoja ambaye amechora tupa kwa ustadi wa ajabu, meno yake yote yakihesabika, ilhali hajawahi kuigusa tupa. Sikumlaumu mwalimu wake. Mara nyingi mwalimu mwenyewe alisomea kemia au jiografia, akapewa somo hilo kwa kuwa hakuna mwingine.

Sidai kwamba kila mwenye godauni Kiamunyi aondoe mahindi yake aweke jiliwa. Wala sidai kwamba mtu agandamize karakana mahali popote apendapo. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inataka idhini ya kaunti kabla ya jengo kubadilishwa matumizi, na zipo kanuni za kelele za mwaka 2009, nazo zina maana kubwa katika mtaa kama huu ambapo ukuta wa ghala umepakana na chumba cha kulala cha mtoto. Mzee hagongi chuma baada ya jua kutua. Oili chafu ndiyo inayonitia hofu zaidi. Udongo wetu ni wa majivu ya volkeno, hunywa upesi kila kinachomwagwa, na bonde letu halina mto unaotoka: maji yakishuka kutoka Menengai na vilima vya Mau huishia Ziwa Nakuru, yakabaki huko. Ziwa hilo liliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 1990, la kwanza nchini Kenya. Pipa moja la oili likimwagwa nyuma ya ghala haliishii nyuma ya ghala.

Ombi langu ni dogo. Shule za Kiamunyi na jirani zake, za umma na za kibinafsi, zimeizunguka karakana hii pande zote, na ni mwendo wa miguu tu. Naamini haiko peke yake. Katika kila mtaa wa Nakuru pana fundi mstaafu mwenye kibanda, mwenye gereji nyuma ya nyumba, mwenye chumba cha mashine ambacho wajukuu wamekatazwa kukikaribia. Mwalimu mkuu aandike barua. Wazazi watie sahihi. Mwalimu wa somo afuatane na watoto na abaki nao hadi mwisho, kwa kuwa fundi si mlezi wao na haifai atwikwe mzigo huo peke yake. Shule nayo ihakikishe kwamba bima yake inawafuata watoto nje ya lango, kabla hawajatoka. Na karakana iliyofungwa shuleni ifunguliwe walau muhula mmoja ili ijulikane mlimosalia nini.

Nilimpelekea mzee wazo hili Jumamosi moja, nikamkuta amelala chini ya fremu ya Land Rover, miguu tu ikionekana. Alinisikiliza hadi mwisho bila kutoka. Kisha akataja masharti yake: wasizidi sita kwa mara moja, wavae viatu vilivyofunika vidole, wasije na shali wala mikono ya nguo inayoning'inia, na kila mmoja aje na daftari lisilo na mchoro wowote ndani yake.