Mke Mwenza Aitwaye Nukta

Shoga yangu alinipigia akilia: mumewe, mtaalamu wa programu za benki, lazima ana nyumba ndogo. Saa nane usiku yuko macho, anaguna peke yake. Kumbe mshindani ni nukta, jamani! COBOL, lugha ya kompyuta iliyobuniwa 1959, hufunga sentensi kwa nukta. Ikikaa pabaya, sharti linakatika njiani: makato ya wenye salio dogo yanawaangukia wateja wote, na mashine kimyaa. Aliyeandika kashastaafu, maelezo hakuacha. Nikamwambia shoga, mpelekee chai, mwombe akusomee mistari kwa sauti. Hawakufika mbali, mume akaangua kicheko: nukta hiyo! Mpenzi msomaji, mwenzio akikwama, usinune. Kaa umsikilize.