KADI YA CHAMA SI KIBALI CHA UJENZI

*TAMKO LA TAWI KWA WANACHAMA WOTE*

Ndugu wanachama,

Mitaa yetu inajengwa kila siku, na viongozi wa tawi wanaombwa mara kwa mara "wamsemee" mwanachama aliyezuiwa kuchimba shimo la choo au aliyekatiwa bomba. Kamati imelijadili jambo hili. Msimamo wetu: hatutampigia simu ofisa yeyote ili mwenzetu aruke utaratibu.

Dar es Salaam inakijua kipindupindu. Mlipuko ulioanza hapa Agosti 2015 ulienea mikoa mingi. Bomba la maji safi likilazwa mtaro mmoja na la maji taka, hatari huja siku ya mgawo: presha ikishuka, palipo na ufa bomba huvuta uchafu ndani. Maji yakirudi, atakayeyanywa anaweza kuwa mtoto wa jirani.

*Kabla ya kuchimba:*

1. Omba kibali cha ujenzi halmashauri. Michoro ionyeshe choo, chemba, shimo la maji taka na njia za mabomba.

2. Kuunganishiwa maji ni kazi ya mamlaka ya maji. Kujiunganishia kinyemela ni kosa chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019.

3. Wataalamu hushauri shimo liwe angalau mita 30 kutoka kisimani, kikiwemo kisima cha jirani. Viwanja vyetu ni vidogo. Ndiyo maana afisa afya aitwe kabla ya kuchimba, si baada. Acha pia njia ya gari la kunyonya. Asiyeiacha ndiye hutapisha choo mvua ikinyesha.

4. Fundi ajaribu mabomba kwa presha kabla ya kufukia na kupiga plasta.

Tunajua kilio chenu: kibali huchelewa na gharama hazieleweki. Kilio hicho ni cha haki, na tutakifikisha kwa diwani. Tunataka ada na muda wa kusubiri vibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila ofisi ya serikali ya mtaa. Mwanachama anayedaiwa fedha bila risiti amweleze Katibu wa Tawi. Hapo tutamsemea bila kusita. Lakini ofisi ikichelewa, shimo lililo ubavuni mwa kisima haliwi salama kwa sababu hiyo.

Sheria hii inatuhusu na sisi. Choo cha ofisi ya tawi kitasubiri kibali. Matofali yapo na fundi yupo, ila jembe halitagusa ardhi mpaka karatasi itoke.

Mwenye simu amsomee asiye nayo.

*Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi*