Usanifu wa Ndani si Kazi ya Kutundika Mapazia

Kuna fikra moja imeenea miongoni mwetu, nayo yafaa iondolewe upesi. Kijana akisema ataka kwenda Chuo Kikuu Ardhi, pale Dar es Salaam, kusomea usanifu wa ndani wa majengo, wazee humcheka. Humwuliza kama miaka yote hiyo ya masomo ni kwa ajili ya kupamba ukumbi wa harusi. Basi kijana hugeuzwa njia kwa nguvu, akapelekwa kusoma jambo asilolipenda, na taifa likakosa mtu wa kazi.

Nawauliza hao wanaocheka: je, mmepata kukaa katika darasa lenye bati tupu wakati wa masika? Mvua ikianza, mwalimu hunyamaza. Hata akipiga kelele namna gani, watoto wa mstari wa pili hawamsikii. Kipindi cha hesabu hupita bila ya hesabu moja kufanywa. Darasa hilo lilijengwa kwa ramani, likakaguliwa, likafunguliwa kwa ngoma na hotuba. Kuta zake ni imara. Lakini hakuna aliyeuliza sauti itakwendaje humo ndani, wala nuru itaingia kwa upande gani. Sisi tuliopita chuo cha ualimu twajua kwamba nuru hupasa imfikie mwanafunzi kutoka kushoto, ili mkono wa kuume usitie kivuli juu ya daftari. Nenda mashuleni ukaone: dirisha li mkabala wa ubao, ubao wang'aa, na watoto wamekunja macho kama wanaotazama jua. Dari ya kupunguza kelele, mahali pa ubao, urefu wa dawati kwa kadiri ya mtoto, hayo yote ni mambo ya msanifu wa ndani. (Nasi waandaaji wa mikutano tungemshukuru sana, kwa maana kumbi zetu nyingi hurudisha mwangwi hata msemaji hasikiki nyuma.)

Zahanati nazo ni vivyo hivyo. Mgonjwa wa kifua kikuu ambaye bado hajaanza dawa huketi bega kwa bega na mama mwenye kichanga, katika chumba chenye madirisha ya upande mmoja tu. Madirisha yakikabiliana hewa hupita, na hatari ya kuambukizana hupungua. Benchi la wanaokohoa likiwekwa barazani, hatari hupungua zaidi. Gharama yake si kubwa, lakini yataka mtu aliyefunzwa, alione jambo hilo kabla saruji haijakauka.

Wako watakaosema kwamba elimu hii ni ya kigeni. Si kweli hata kidogo. Tazameni nyumba za kale za Lamu. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Chumba hufuata chumba, na kila uingiapo ndani ndivyo siri ya wenyeji inavyozidi. Mgeni wa njiani hukomea barazani. Ukutani kuna zidaka zilizochongwa katika chokaa, mahali pa kuweka vyombo vya thamani. Waliofanya hayo hawakuwa na shahada. Na karibu zaidi tuna Soko la Kariakoo lililofunguliwa 1975, kazi ya mwananchi mwenzetu Beda Amuli. Paa lake mfano wa miavuli iliyopinduliwa lilikinga maji ya mvua na kuwapa hewa wauzaji waliokuwa chini yake, miaka mingi kabla ya moto wa Julai 2021.

Hata hivyo sitawasifu wasomi kupita kiasi. Wako wanaomaliza masomo wakarudi na picha za nyumba za nchi za baridi, wakataka tuketi juu ya makochi ya ngozi bandia yanayogandamana na mgongo kwa jasho. Ni afadhali mwanafunzi apelekwe Keko kwa mafundi seremala, akae nao miezi, si siku mbili. Fundi wa Keko anajua mbao kwa kuzigusa, lakini mara nyingi huuza kitanda cha mbao mbichi, nacho hupasuka kabla ya mwaka kwisha. Yeye ana mkono, msomi ana vipimo.

Na ofisi za umma zisijitoe. Zinapotangaza zabuni ya samani, zimwite msanifu aandike masharti yanayoeleweka: mninga uliokaushwa sawasawa, au mtiki wa Longuza na Mtibwa, na zulia la katani ya Tanga. Bila masharti ya namna hiyo, mfanya biashara huleta meza za unga wa mbao zilizogandishwa kwa gundi, zikavimba siku ya kwanza kumwagikiwa chai.

Basi mzazi mwenye mtoto wa kidato cha sita, anayependa kuchora na asiyekimbia hesabu, amwache ajaze fomu yake. Akikubaliwa, amnunulie na futikamba.