Karavia: aneksi uani si kosa, kosa ni kujenga bila kipimo

Katika mitaa ya Lubumbashi kama Karavia, mwenye parseli kubwa hujenga aneksi nyuma ya nyumba yake na kuipangisha. Jambo hilo si geni. Wakati wa ukoloni, mji ukiitwa Elisabethville, vila za Wazungu zilikuwa na boyeri, makao ya mtumishi uani. Leo anayeishi humo ni mtoto aliyeoa au mpangaji anayelipa kwa dola.

Wanaopinga wanasema mtaa utajaa watu. Hofu yao ina msingi: fose septiki ikichimbwa karibu na kisima cha jirani, maji huharibika. Lakini kukataza kabisa kutaongeza ujenzi wa siri, na vijana watazidi kukosa nyumba.

Sheria zipo. Kibali cha kujenga kinatakiwa, na sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inakataza garanti ya nyumba ya kuishi kuzidi miezi mitatu. Kinachotakiwa ni ukaguzi wa mapema. Maofisa wa mipango ya mji wakipima umbali wa fose na kisima kabla ya msingi kuwekwa, majirani watapatana. Wakisubiri paa liezekwe, watakachobomoa ni akiba ya mtu.